Kijana Aliyewapita Wazee Barazani

Kwa miezi sita nilitengeneza mchezo wa simu: kijana anakimbia kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, akiruka mikokoteni na paka, ili aiwahi feri. Nikampa mama aujaribu. Hakumaliza kichochoro cha kwanza, akaiweka simu chini.

"Huyu kawapita wazee barazani bila hata salamu! Kwao hakuna watu?"

Nikamjibu kwa hasira kwamba wale ni pambo tu, nimewachora kujaza baraza. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyewapita.

Nikafuta mbio zote, nikaanza upya. Safari hii kijana lazima amwamkie kila mtu, na awaulizie wa nyumbani pia. Mama alicheza kwa raha zake. Alipofika kivukoni feri ilikuwa imeondoka, na maandishi mekundu yakatokea: UMESHINDWA.

"Nimeshindwa nini, na nimewaamkia wote?"

Nilibishana naye mpaka chai ikapoa, kisha nikalifuta lile neno. Sasa feri yangu humngoja abiria amalize salamu. Wachezaji wanasema mchezo ni Mombasa tupu, ila feri hiyo wananiuliza nimeiona wapi.