Mwanamke Aliyechoma Matofali

Fundi mmoja anajenga ukuta nyuma ya nyumba yangu, na kila asubuhi namsikia akigonga tofali kwa mgongo wa mwiko kabla ya kulipanga. Ngi. Ngi. Mara moja moja linatokea lile linalosema pu, naye analitupa pembeni. Mwingine angeona ni kelele za ujenzi tu. Mimi hasira inanipanda, chai inapoa mkononi. Nitawaambia sababu, maana ni hasira ya zamani na nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa Katoyi, mtaa wa mjini, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkeno: baba, mama, mimi na wadogo zangu wawili. Vita vilikuwa vimerudi upande wa Rutshuru, na barabara ya kaskazini ilikuwa ikimwaga watu kila siku, magodoro kichwani, kuku ndani ya vikapu, wazee wakisukumwa juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao, kama magunia ya makaa. Mchana mmoja akatokea kati yao Koko Venansia, bibi yetu, shangazi yake baba. Yeye ndiye aliyemlea baba tangu akiwa mdogo, hata baba alimwita Mama. Alifika na sufuria moja na viatu viwili visivyofanana. Alikuwa ametoka nyumbani kwake pamoja na mwanawe, Faustin. Faustin hakufika.

Hilo la Faustin nililisikia mara moja tu, mama alipomnong'oneza jirani. Siku hiyo hiyo tuliitwa uani tukapewa sheria.

"Musimuulize Koko kitu," mama alisema. "Mutamukumbusha."

Baba alikuwa amesimama nyuma yake, akitazama vidole vyake vya miguu. "Munasikia?" akaongeza. "Hata kidogo."

Tukatii. Tulimsalimia Koko asubuhi, tukampelekea maji ya kunawa, tukamwekea ugali na sombe ya majani ya muhogo mbele yake, halafu tukakimbia. Miezi sita! Naye alikuwa na hasira na kila kitu. Aliyatukana maji kwa harufu yake ya dawa. Aliyatukana mawe ya Katoyi ambayo hayaoteshi hata haragi, yaani maharagwe. Nyumba yetu ndiyo ilimchukiza kuliko vyote. Alikuwa akipiga ukuta wa mbao kwa ngumi na kusema, "Munalala mu kasha, sawa na sabuni." Sisi watoto tulicheka huku tumeziba midomo. Mama alisema ni uzee. Mimi niliamini.

Likizo moja mama akasikia kwamba watu waliokimbia vita wanaokaa kwa ndugu zao wanaandikishwa kule Kibati, kwenye kambi, ili wapewe shitingi, yale maturubai ya kuezekea, na haragi. Nikatumwa kumsindikiza Koko. Tulipanga mstari tangu asubuhi chini ya jua, mbele ya meza ambayo nyuma yake aliketi kijana mwenye kofia. Hakuinua macho. Jina? Kijiji? Nyumba imeungua? Mbuzi wangapi? Wamekufa wangapi?

"Mumoja," Koko alijibu, sauti ikashuka.

Kijana akaandika, akaendelea kuandika, akasukuma karatasi pembeni. Koko hakujua kusoma, lakini alijua kuhesabu maswali. Aliona kwamba mistari iliyojazwa ni mingi kuliko aliyoulizwa.

"Ameandika nini pale?" akaniuliza.

Ningeweza kudanganya. Nikasoma kama mwanafunzi mwema: "Kazi: hakuna."

Koko alipiga meza mpaka kalamu ikaruka. "Nimekuambia sina kazi? Umeniuliza?"

"Mama, watu ni wengi…" kijana akaanza.

"Umejua kuuliza wamekufa wangapi. Mimi ni nani, haukuuliza!"

Watu kwenye mstari wakaguna, wengine wakacheka. Koko akageuka, akaondoka bila kadi, bila shitingi, bila punje moja ya haragi, na mimi nyuma yake nikikimbia nikiwaza mama atasema nini.

Tuliteremka barabara ile kwa miguu. Alitembea kama mtu anayekwenda kumpiga mtu. Nilimwuliza kwa sababu niliogopa kurudi mikono mitupu bila hata maelezo. Msidhani nilikuwa na busara yoyote.

"Koko, sasa wewe ulikuwa unafanya kazi gani?"

Akasimama katikati ya njia. Pikipiki ikampigia honi, akaitukana, akarudisha macho kwangu.

"Baba yako hakukuambia?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Aliketi juu ya jiwe kando ya barabara.

"Nilikuwa nachoma matofali," akasema.

Bwana yake, Bonifasi, ndiye aliyeanzisha tanuru. Homa ilipomuua, wanaume wa kijiji walikuja kuchukua kalibu zake za mbao za kufyatulia, wakidhani kwamba kazi imekwisha. Koko aliwafukuza na jembe. Alishuka bondeni mwenyewe, akachimba udongo mwekundu, akaukanyaga hadi magotini huku Faustin amelala mgongoni. Matofali ya kwanza yalipasuka yote, na kijiji kilicheka mwaka mzima. Ya pili hayakupasuka. Alinieleza namna ya kuyaanika chini ya majani ya ndizi, maana mvua moja tu inarudisha kazi ya wiki nzima kuwa tope. Namna ya kukaa na moto siku tatu bila kuuacha. Namna ya kugonga tofali na kulisikiliza. Lililoiva linalia. Shule ya kijiji ilijengwa kwa matofali yake. Kanisa lilikuwa lake, isipokuwa ukuta wa nyuma, ambao ulichomwa na mtu mwingine na ulikuwa na ufa.

"Na nani alikusaidia kukanyaga?" nikauliza.

"Faustin. Na baba yako. Walikuwa wanaimba nyimbo chafu, padri akipita wanageuza kuwa za Bikira Maria."

Baba yangu! Baba aliyepiga pasi hata soksi!

Tangu siku hiyo, kila mchana mama alipokuwa sokoni, nilikaa na Koko barazani nikamwuliza. Alimpendaje Bonifasi? Faustin alichelewa kuoa kwa nini? Alijibu yote, akikasirika na kucheka ndani ya sentensi moja. Siku moja baba alirudi mapema, akalisikia jina la Faustin likitoka kinywani mwangu. Alikuja na mkono umeinuka tayari.

"Espe! Nilisema nini?"

"Acha mutoto," Koko akasema.

"Mama, mimi sikutaka kukuumiza. Nilitaka upumzike."

"Nipumzike?" Koko alisimama, ingawa magoti yalimsumbua. "Miezi sita niko mu nyumba yako. Haujataja jina lake mara moja. Mulikula sahani moja, mulilala mukeka mumoja. Mutoto huyu hakumujua, na ndiye anayeniuliza alikuwa mutu gani. Wewe unanipa chakula na kukimbia!"

Mkono wa baba ulishuka. Alitoka nje ya ua. Alirudi jua likiwa bado juu, akaketi kwenye ngazi ya mbao, suruali yake safi juu ya vumbi.

"Faustin alikuwa anakanyaga vibaya," akasema. "Alikuwa anaacha mawe ndani ya udongo."

"Ni wewe ulikuwa unaacha mawe," Koko akajibu.

Wakacheka. Koko alicheka mpaka kicheko kikageuka, na kwa mara ya kwanza nikamwona akilia. Ndipo alipolisema neno lililokuwa rohoni. Asubuhi ya kukimbia walikuwa tayari wamefika njia panda. Wingu lilikuwa limeziba kilima, na bondeni kulikuwa na matofali mabichi ya wiki nzima hayajafunikwa. Akamwambia Faustin akimbie, ayafunike, arudi. Mizinga ilianza Faustin akiwa bado hajarudi.

"Ni mimi nilimutuma," Koko alisema. "Sababu ya matofali."

Baba alihama kutoka kwenye ngazi, akapiga magoti mbele yake, akamshika miguu yote miwili. Safari hii hakukimbia.

Koko aliishi nasi miaka miwili zaidi. Aliendelea kuyatukana mawe ya Katoyi. Lakini hebu fikirini: miezi sita mwanamke yule alikaa na neno lile rohoni, amezungukwa na watu wanaompenda, na kila mmoja akihakikisha kwamba hapati nafasi ya kulitoa. Nilipokuwa mtoto nilidhani sheria ile ilikuwa ya kumlinda. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba ilitulinda sisi. Baba ndiye hakutaka kukumbuka. Mama hakutaka kuona baba akikumbuka. Sisi tulipenda ugali wetu ukae bila machozi. Tuliiita huruma. Bado nakasirika nikilisikia neno hilo likitumiwa hivyo.

Na hasira kubwa kuliko zote, ile juu yangu mwenyewe, sijaisema. Baba aliugua mimi nikiwa tayari na watoto wangu. Alasiri moja, hospitalini, alinishika kifundo cha mkono akasema, "Espe, siku ile mimi nilipokimbia kijiji mara ya kwanza, nikamuacha Mama Venansia kule…" Muuguzi alikuwa anangoja, uji ulikuwa unapoa, watoto wangu walikuwa peke yao nyumbani.

"Pumzika kwanza, baba," nikamwambia. "Tutaongea."

Akaniachia mkono kwa adabu, kama mgeni aliyeona kwamba wenyeji wana shughuli. Aliishi siku tisa baada ya hapo. Tuliongea juu ya dawa, juu ya mashuka, juu ya mvua. Ile habari hakuianza tena, na mimi sikuiuliza.