Fulana Mbili za Kamukuywa

Mheshimiwa alikuja Kitale kuzungumzia kitabu chake cha kampeni, kwenye ukumbi wa hoteli, mchana kweupe. Viti vya plastiki vilikuwa vimevalishwa vitambaa vyeupe kama harusini. Nilikwenda na mdogo wangu wa kiume, na nilikwenda nikiwa na hasira. Sitaipamba.

Ndani ya kitabu hicho Mheshimiwa anasimulia jinsi muuaji aliyetumwa na mpinzani wake alivyonaswa kwenye mkutano wa Kamukuywa, akiwa amevaa fulana ya adui chini ya fulana ya chama. Muuaji huyo ndiye mdogo wangu. Jina hakuliandika, lakini kwetu Naitiri nani asiyejua aliyepigwa Kamukuywa? Kitabu kilipofika, wazee wa kanisa walimwomba asiongoze tena maombi. Baba mkwe wake akaja na pikipiki mbili, akamchukua binti yake na wajukuu, ati mpaka mambo yaeleweke. Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa na haja moja tu mjini: Mheshimiwa aseme mbele ya watu kwamba yeye si muuaji.

Ngoja niseme habari ya hizo fulana. Msimu wa kampeni kwetu mtu huvaa mbili, moja juu ya nyingine. Asubuhi unamshangilia huyu, jioni unavua ya juu na kumshangilia yule. Hakuna anayeona haya. Fulana ni nguo, na kura zikishapigwa unalimia nayo mahindi. Siku ile hata mimi nilivaa mbili. Tofauti ni kwamba jua liliwaka, mkutano ukachelewa, na mdogo wangu, bwege wa watu, akavua ya juu ajifute jasho. Picha ya mpinzani ikabaki inacheka kifuani mwake, mita chache kutoka kwa gari la Mheshimiwa.

"Huyu ni spai!" kijana mmoja akapiga kelele. "Ametumwa huyu! Mshikeni!"

Rungu la kwanza lilimpata taya. Nilisikia taya likivunjika, nikiwa nimesimama karibu naye kabisa. Alipoanguka walimkanyaga kichwa, wakampiga mawe ya barabarani, mmoja akamrukia kifuani kwa miguu yote miwili. Nilimlalia juu nikapigwa mgongo hadi nikakojoa. Nilipoinua macho kuomba msaada nilimwona Mheshimiwa juu ya gari, maiki mkononi, anatazama. Hakusema neno. Alitazama kama mtu anayengoja mvua ipite, kisha akagonga paa la gari na dereva akaondoka. Mpaka leo mdogo wangu hula ugali uliolowekwa kwenye supu.

Sasa ukumbini Mheshimiwa alisoma sura ile ile, kwa sauti ya kutetemeka, na watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Wakati wa maswali nilisimama kabla sijaitwa.

"Mheshimiwa, muuaji wako nimekuja naye. Ni huyu hapa. Ni mdogo wangu, hakuwa na hata kisu. Alivaa fulana mbili kama nilivyovaa mimi, na kama walivyovaa nusu ya hawa walioketi hapa. Waambie ukweli."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kujijua. Mheshimiwa hakucheka.

"Mama, keti. Kampeni ni kitu chungu. Mimi niliwalilia wale vijana wamwache. Lakini watu wakishapandwa na hasira hawasikii mtu. Hata angekuwa nani."

"Ulikuwa na maiki mkononi!"

Vijana wake wawili walinishika mikono kwa nyuma na kunisukuma kuelekea mlangoni. Mheshimiwa, mjanja, akaona simu za watu zimeanza kuinuliwa. Akashuka jukwaani mikono ameitanua, akaja hadi kwa mdogo wangu, akamkumbatia, akazigeukia zile simu.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi nimekusamehe."

Amemsamehe! Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu, ambaye tangu Kamukuywa sijamsikia akigombana hata na kuku, alirudi nyuma hatua moja na kumtandika ngumi ya mdomo. Mheshimiwa akaketi chini puu. Nilifurahi sana, Mungu ananiona.

Vijana wakaniachia na kumrukia. Kiti kilivunjikia mgongoni mwake. Wakamwangusha, wakaanza mateke ya mbavu, ya uso, taya lile lile, na damu ikaruka kwenye vitambaa vyeupe. Nilimng'ata mmoja mkono hadi nikasikia chumvi. Akanizaba kofi lililonitupa kwenye meza ya vitabu. Nikajua safari hii wanammaliza, na mimi ndiye nitakayeipeleka maiti yake nyumbani.

Mheshimiwa aliinuka akishika mdomo. Akazitazama zile simu, karibu ukumbi mzima ulikuwa umeziinua.

"Mwacheni," akasema.

Hakupiga kelele. Hakuwa hata na maiki. Vijana wote waliacha papo hapo, mmoja mguu ukiwa bado hewani, wakasimama kando mikono nyuma.

Halafu mama mmoja mzee aliyeketi mbele, ambaye simjui, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kumbe wanakusikianga."

Hakuna aliyempigia makofi. Mdogo wangu alijiinua kwa kushika kiti, akatema jino kwenye kiganja, akamkaribia Mheshimiwa. Maneno yalimtoka kwa shida lakini tuliyasikia sote.

"Basi sema sasa. Mimi ni muuaji?"

Mheshimiwa alifungua mdomo wenye damu, akatutazama, akaomba aletewe maji ya kunywa.