Maji ya Upande wa Baba

Ipo siku moja ambayo hunirudia kila nikishika kikombe cha maji, mwanangu Rehema, na leo umeirudisha wewe mwenyewe kwa hicho kichupa ulichokuja nacho kutoka Dar. Unataka niteme mate humo, uyatume kwa wataalamu huko ng'ambo, wakuambie yule Mzungu aliyenizaa alitoka nchi gani. Sawa, nimekusikia. Sijakataa. Lakini keti kwanza hapo kwenye mkeka, na hiyo simu yako inayopiga mluzi kila mtu akikutumia ujumbe, izime kabisa. Mluzi siupendi. Utajua kwa nini ukiwa na subira, ingawa ninyi vijana wa siku hizi subira mnaisikia tu.

Mimi nimechoka, sikufichi. Magoti yamechoka, macho yamechoka, na habari hii yenyewe ndiyo imenichosha kuliko vyote. Tangu utoto watu wananitazama pua na nywele, halafu wananiuliza. Watoto wa shule, watu wa sensa, hata daktari wa meno, mkono wake umo mdomoni mwangu: "Bibi, wewe chotara wa wapi?" Wa Kilosa, nawajibu. Wa Magomeni ya hapa hapa, si ya Dar, nyuma ya mashine ya kusaga. Hawaridhiki.

Wakati ninaokusimulia uhuru tulishaupata, Azimio lilishatangazwa, na watu walianza kuambiwa wahamie vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa msichana mkubwa. Mkubwa mno kwa kweli, maana wenzangu niliovunja nao ungo walikuwa na watoto wanaokwenda shule. Posa zangu mbili zilikuja, zote mbili zikarudi zilikotoka. Si kwamba nilikuwa na sura mbaya, usinicheke. Tatizo lilikuwa maji.

Kwetu, kama unavyojua, ukoo tunaufuata kwa mama. Mimi ni mtu wa ukoo wa mama yangu, na hilo hakuna aliyenibishia hata siku moja. Lakini binti akiposwa, siku ya kumkabidhi, lazima asimame mtu mzima wa upande wa baba yake. Anatia maji mdomoni, anamtemea binti kifuani, anamwambia aende akazae na akalee. Bila maji hayo, wazee waliamini tumbo la binti litakuwa zito, na watoto hawatakaa. Basi wachumba wa kwanza walipouliza, "Maji atatema nani?" nyumba nzima ikamgeukia mama, nao wakachukua kofia zao.

Wa tatu alikuwa Hamisi wa Kidete, babu yako, Mungu amrehemu. Huyo nilimpenda, nasema wazi mbele yako. Nilimpenda hadi nikisikia treni inatoka Kidete nilikuwa naacha ninachofanya. Lakini Hamisi alilelewa na bibi yake, mwanamke mkavu kama ubao, na bibi yule akatuma neno: wao wanahamia kijiji kipya baada ya mavuno, hataki kuingia huko na bibi harusi mwenye jambo lililobaki nusu. Atakuja na mchele na shuka. Kama hatakuwepo mtu wa upande wa baba, atarudi na mchele wake.

Nikamwendea mama. Mama yangu alikuwa akikaanga maandazi ya kuuza, na hakugeuza hata uso. "Babako ni Bwana Mluzi wa shamba la mkonge. Nimeshakwambia. Achana naye."

Hilo ndilo jina pekee nililokuwa nalo. Mwanangu, elewa kitu kimoja: Wazungu wa mashamba ya mkonge watu hawakuwajua kwa majina yao. Waliwabandika ya kwao. Yupo aliyeitwa Bwana Tumbo, yupo Bwana Kesho, aliyekuwa kila akidaiwa posho anasema njoo kesho. Wangu mimi alikuwa Bwana Mluzi. Unamtafutaje mtu kwa jina kama hilo?

Aliyeniambia inawezekana ni jirani yetu, Mzee Kasanda. Huyu alikuwa Mnyamwezi, aliletwa kutoka kwao kama manamba, yaani vibarua waliosombwa kutoka mbali kuja kukata mkonge. Mkataba ulipokwisha hakurudi. Alikuwa mtani wetu, na utani wake haukuwa na likizo. Asubuhi akipita mlangoni lazima aseme, "Tatu, huyo mtumwa wangu ameamka?" Tatu ni mama yangu, na mtumwa ni mimi. Mama naye anamjibu kwamba Wanyamwezi wote walibeba mizigo ya watu hadi wakasahau kwao. Halafu anampa chai.

"Bwana Mluzi namjua," akaniambia Mzee Kasanda. "Nimemkatia mkonge. Sasa hivi yuko Mikumi, anatengeneza pampu za maji na magari. Nitakupeleka."

Nilikosa usingizi kwa furaha, sikudanganyi. Nikafua gauni langu zuri. Mama aliniona nikilipiga pasi, akatoka nje. Hakunikataza wala hakunipa baraka.

Tulipanda lori la mahindi, tukakaa juu ya magunia. Tulipopita pale Ulaya, kile kijiji kilichopo njiani, Mzee Kasanda akaniambia, "Tazama vizuri, ili ukiulizwa useme umefika Ulaya." Nilicheka. Nilikuwa najizoeza moyoni nitakavyosema. Shikamoo baba. Mimi Zena. Sikuja kukusumbua, nimekuja kuomba maji.

Tulimkuta nyuma ya nyumba yake, mzee mfupi, mikono myeusi kwa grisi. Makasha yalikuwa yamepangwa barazani, maana naye alikuwa anahama. Mashamba yanachukuliwa, alisema, na watoto wake wameshaondoka. Nikapiga magoti. "Shikamoo baba."

"Marahaba," akaitikia, vizuri kabisa kama mtu wa hapa. Halafu akanitazama usoni, akamtazama Mzee Kasanda, akaelewa kabla sijasema lolote. Akavuta kigoda akaniketisha. Aliniuliza nilizaliwa lini. Nikamwambia mama husema nilizaliwa vita ya pili ya Wazungu inaanza.

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi ni Mgiriki. Nilifika shambani vita imekwisha. Wewe ulikuwa tayari mtoto wa kutumwa dukani." Akaketi mbele yangu. "Aliyekuwepo kabla yangu alikuwa Mjerumani. Vita ilipoanza askari wakaja na lori, wakamchukua, hakurudi. Mimi nilipewa nyumba yake. Nikakuta kitanda, nikakuta mbwa, nikakuta na jina. Watu wakaniita Bwana Mluzi siku ya kwanza. Mimi hata kupiga mluzi sijui."

Akakunja midomo kunionyesha. Ukatoka upepo mtupu.

Mzee Kasanda alishika kichwa. Na yeye alifika baada ya vita, hakumjua mwingine. Alidhani Bwana Mluzi ni mtu, kumbe lilikuwa jina la mwenye kukaa katika nyumba ile. "Binti yangu," akasema, "nimekuleta bure." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anazungumza bila utani, na hilo liliniumiza zaidi.

Nikamweleza yule Mgiriki habari ya maji. Alisikiliza, akafuta mikono kwa kitambaa. "Kama ni maji tu," akasema, "nitakuja niyateme. Nani atajua?"

Hapo nataka unisikilize vizuri, mwanangu. Nilitaka kusema ndiyo. Ndiyo ilishafika kwenye meno. Ngozi ilikuwa ya Mzungu, jina lilikuwa lenyewe, na Kidete nzima ingeridhika. Lakini mzee yule alikuwa amenipa ukweli wakati uongo ungemgharimu kidogo tu, nami nikaona haya kuuchafua. Nikamwambia, "Ahsante, mzee wangu. Uliyoniambia yanatosha." Akanifungia mkate na jamu, tukaondoka.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama anachambua kunde. Nikakaa chini pembeni yake, nikamwambia yote: la Mgiriki, la Mjerumani, la lori la askari. Nikamwambia, "Mama, nipe jina lake la kweli. Hata kama kafa, mtu mwenye jina anaweza kutambikiwa."

Aliendelea kuchambua. Halafu akasema, "Sina."

"Mama, uliishi katika nyumba ile."

"Niliteka maji katika nyumba ile, nikafua. Jina lake sikulijua, Zena, kwa sababu yeye hakuniuliza langu. Ningeanzia wapi kumuuliza mimi?" Mikono yake ilisimama. "Akimtaka mbwa alipiga mluzi mmoja. Akinitaka mimi alipiga miwili."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Nikakumbuka kwamba maisha yangu yote mama hakuwahi kuniita "we". Hata akiwa na hasira, hata nikiwa mbali uwanjani, aliita jina langu lote, Zena binti Tatu, mpaka watoto wenzangu wanamwigiza. Nilikuwa namwonea aibu kwa hilo. Nikamshika miguu, nikamwambia, yaishe mama, sitaki tena Bwana Mluzi wala mchumba. Akanijibu, "Mchumba mtake. Mchumba hajakukosea."

Siku ikafika. Bibi yake Hamisi akashuka kwenye treni na mchele, na shuka, na uso wake ule ule. Wakakaribishwa, wakala. Mjomba wangu akasimama, akanitoa kwa niaba ya ukoo kama ilivyo haki yake. Kikombe cha maji kikawekwa katikati ya mkeka. Bibi akauliza, "Upande wa baba?"

Nilimwona Hamisi anatazama vidole vya miguu yake. Nilimwona mama kanyoosha shingo, na nikajua kwamba akishindwa kukaa vile ataanguka.

Ndipo Mzee Kasanda akainuka kule mlangoni walikokaa majirani. Akakanyaga mkeka wa watu na viatu vyake, akakinyakua kikombe. "Nani kasema huyu hana kwao? Mtumwa wangu huyu! Nilimpata kwa debe la karanga, na karanga zenyewe zilikuwa na wadudu! Mtamchukuaje bila mwenyewe kutema maji?"

Watu wakaangua kicheko. Mtani hata akivua kofia ya shehe hakasirikiwi, na kila mtu pale alilijua hilo. Bibi mwenyewe mdomo ulimcheza. Lakini Mzee Kasanda alipofika mbele yangu utani ulimwisha. Akasema kwa sauti ya chini, na wote walisikia kwa sababu walikuwa wamenyamaza ghafla:

"Niliingia Kilosa na namba shingoni. Shambani waliniita namba yangu, na wenzangu vilevile. Tatu alikuwa anauza maandazi getini. Ndiye mtu wa kwanza wa mji huu kuniuliza, kaka, unaitwa nani. Basi mimi ni mtu wa nyumba hii." Akatia maji mdomoni, akanitemea kifuani. "Zena binti Tatu, nenda. Kazae, kalee, na kila utakayemzaa aitwe kwa jina lake."

Maji yalikuwa baridi. Nayahisi mpaka leo.

Bibi yake Hamisi alikaa muda anamtazama yule Mnyamwezi. Tulingoja kama watu wanaongoja hukumu. Mwishowe akamgeukia mama, akasema, "Tatu, mchele huo upikwe wote. Sina haja ya kurudi nao." Mama akaweka uso ndani ya khanga. Nilizaa watoto saba, Rehema, na mama yako Mwajuma ni mmoja wao. Tumbo halikuwa zito.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na sitairudia kwa sababu nimechoka. Mtafute huyo Mjerumani, sikukatazi. Ni damu yako, una haki ya kujua. Lakini wataalamu wako watakupa nchi, mwanangu, hawatakupa mtu. Usije ukakaa huko Dar unajivunia mji ambao hujauona, wakati hujui Tatu amezikwa wapi. Kesho nitakupeleka. Kaburi la Mzee Kasanda liko karibu naye, na majani yamelifunika, ni aibu yetu sote. Beba jembe. Na popote utakapofanya kazi, ukikuta mtu anaitwa kwa kidole, au kwa namba, au kwa mluzi, wewe muulize jina. Ukitaka kujua watu wako ni akina nani, hesabu waliokuuliza lako.

Haya, lete hicho kichupa, nitatema. Ila kwanza kanichotee maji mtungini, usogee hapa, ufungue khanga kidogo kifuani. Usishtuke, ni ya baridi.

Rehema binti Mwajuma, binti Zena, binti Tatu. Nenda. Njia ikupokee, watoto wako wakae, na usije ukakosa mtu wa kukuita jina lako mpaka siku utakayozeeka kama mimi.