Mtihani wa Bei ya Chini

Juzi sokoni Sib, huku Uarabuni, muuza nyanya alinadi, "Rakhis! Rakhis!" nikamkumbuka Zuwena, msichana aliyeingia darasani kwetu zamani akitokea Unguja. Chumba kilinuka chaki na sambusa za mapumziko. Mwalimu alimuuliza kwa Kiarabu mtihani ulikuwaje. "Rakhis," akajibu, akikusudia rahisi, si mgumu; kumbe kwa Kiarabu ni bei ya chini tu. Tulicheka mpaka mwalimu akafuta machozi.

Wivu ulinikaba. Mimi na Kiarabu changu safi sijapata kumchekesha hata paka! Kesho yake nikalisema neno lile makusudi. "Kaa chini, usijitie ujinga," mwalimu akaniambia.

Nikanuna wiki nzima, nikiamini Zuwena kajaaliwa ucheshi. Tulikaa dawati moja, wala sikushtukia kwamba tangu siku ile tuliyomcheka hakunyanyua tena mkono kujibu.