Niliyakoga Mimi Maji ya Bibi Harusi

Kosa ni langu. Si la shetani, si la upepo wa kusi, wala si la yule mwenye duka aliyeniuzia chupa. Ni langu mimi na huu mwili wangu mpana, na ukisoma mpaka mwisho utaona kwa nini nautaja mwili.

Jina langu silitoi. Wa Mikindani watanijua hata nikijifunika jamvi, lakini wewe usiyenijua sogea hapa karibu nikwambie, maana miaka sita nimelibeba jambo hili na limenichosha.

Ndugu yangu wa tumbo moja, nitamwita Hamisi, alipata kazi Mtwara wakati ule bandari mpya inajengwa. Huko akajuana na kijana wa Kimakonde kutoka juu uwandani, njia ya Newala. Akamtembelea kwao, akamwona dada yake, Salima. Alirudi nyumbani haambiliki. Ni Salima tu, asubuhi Salima, jioni Salima!

Mimi dada mtu nikanuna. Sisi wa pwani tulikuwa tukijiona watu wa udi na halua, na watu wa kule juu tukiwasema vibaya. Hakuna maji huko, tulisema, watu hawakogi. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mwenyewe, mbele ya Hamisi. Yashike, tutayarudia.

Ndoa ikapangwa. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiwasinga mabibi harusi pale mtaani, nikatumwa nipande juu siku moja kabla, nikamtengeneze Salima kwa desturi yetu: singo ya kusugua mwili, liwa ya kupaka, mafuta, udi. Nikasema moyoni, leo watanitambua!

Kabla ya safari nikapita dukani kununua kitu kipya nilichosikia wake wa makarani wakikisifu. Gliserini! Kichupa kidogo, maji yake mazito, yanavutika na kumeremeta. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye utani mwingi, alinipa chupa na maneno yake.

"Mama, sikia vizuri. Hii iko na kiu. Kazi yake kuvuta maji, kuweka kwa ngozi. Wewe changanya na maji mengi, paka mwili bado majimaji, halafu juu yake mafuta kidogo, maji isitoroke. Ukipaka kavu mahali pakavu, itapata wapi maji? Itakunywa mtu mwenyewe!"

Nikacheka, nikamwambia mimi nimesinga mabibi harusi tangu yeye ana meno yote. Lakini nilimsikia. Ninyi mtakaotaka kunitetea kwamba sikujua, msijisumbue. Nilijua.

Lori lilitupandisha uwandani mchana. Vumbi la kule ni jekundu, na kusi ya mwezi ule ilikuwa ikivuma kavu, midomo inakatika. Nilishuka mimi si mimi, nyusi nyekundu, pua nyekundu, mpaka ndani ya masikio mna shamba. Nikauliza pa kukoga.

Wakaniletea maji kwenye kikombe.

Kikombe! Ninawe uso, mikono, na basi. Mwenyeji wangu, bibi yake Salima, kibibi chembamba chenye magoti yaliyovimba, aliniambia bila haya, "Maji yetu yako bondeni, mwana wa pwani. Ukitoka na jogoo unarudi jua la mchana." Kisha akanionyesha uani debe moja lililojaa, limefunikwa ungo. "Hilo nimelifuata mwenyewe leo. La Salima. Kesho nkogeshe, halafu angali na majimaji unpake mafuta ya nyonyo haya hapa. Usingoje akauke."

Alinipa kibuyu cha mafuta. Nikakinusa, nikakunja pua. Nyonyo! Mimi nimekuja na chupa ya dukani, ananipa mafuta ya mbegu za kichakani.

Sasa ndipo aibu yangu inapoanza. Alasiri ile watu walikwenda nyumba ya pili kutwanga nafaka ya harusi. Mimi nikabaki uani na lile debe. Nikafunua ungo nitazame tu. Maji meupe, yametulia. Mwili ukaanza kuniwasha wote kwa mara moja. Nikasema nichote kata moja, nani atajua? Nikachota. Nikasema sasa vumbi limekuwa tope, siwezi kukaa na tope, kata ya pili. Ya tatu nikajipaka sabuni. Jamani, ukishajipaka sabuni huwezi kusimama njiani! Povu likaniingia machoni, nikaliinamisha debe kichwani, nikalimaliza.

Nilikuwa msafi kama yai. Nikalifunika debe tupu kwa ungo uleule.

Asubuhi bibi akaniuliza, "Umenkogesha?" Nikajibu nimemkogesha tangu alfajiri. Uongo ulinitoka laini mwenyewe nikashangaa.

Salima alikuwa chumbani, binti mpole, ngozi yake imepauka kidogo kwa kusi lakini nzuri, haina doa. Nilifunga mlango nikatoa chupa yangu.

"Wifi," akasema polepole, "sijakoga."

"Hii ya kisasa haitaki maji," nikamwambia. "Maji ni ya washamba."

Nikampaka ile gliserini kavukavu, usoni, shingoni, mikononi, miguuni, mpaka chupa ikaisha. Mafuta ya bibi nikayaacha pembeni. Binti akaanza kujikunja. "Wifi, inachoma."

"Uzuri unachoma," nikamjibu.

Nikahi ikasomwa, tukapakia lori. Bibi hakuja, magoti yalimkatalia, yalikuwa yamekwisha kwa safari ya bondeni. Tukateremka na upepo ule, na vumbi lile, na bibi harusi anayenata kama gundi. Kufika Mikindani, wanawake wanapiga vigelegele, shangazi yangu akaenda kumfunua shela. Shela haikufunuka! Ilikuwa imegandia usoni kama karatasi kwenye halua. Akaivuta polepole, na chini yake akatokea mtu mwekundu, kama muhogo uliong'olewa sasa hivi.

Vigelegele vikakatika. Mtu mmoja akacheka, wakacheka wote. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao.

Lakini tulipomfuta vumbi hakuna aliyecheka tena. Ngozi ilikuwa imekakamaa, imekatika mashavuni na kwenye viwiko, midomo imepasuka damu. Kesho yake ikaanza kubanduka magamba. Ile chupa ilikuwa imekosa maji nje, ikayatafuta ndani, ikamnywa yule binti kama nilivyoambiwa.

Siku ya tatu shangazi akakusanya wanawake wa ukoo. "Huyu ni mgonjwa," akasema. "Tumetiwa changa la macho. Arudishwe kwao kabla hajatuambukiza, na bibi yake aletwe aseme walituficha nini." Neno la ugonjwa wenyewe hakulitaja, lakini wote tulilisikia: ukoma, ambao ukimshika mtu hata kikombe chake hutengwa. Hamisi alikuwa barazani, hali, hanywi, ananiangalia mimi. "Dada, wewe ndiye uliyekuwa naye. Ulimwona ana nini?"

Nikasema sikuona kitu. Loh! Nilikuwa na maneno mawili tu ya kumwokoa binti wa watu, na nikayameza.

Bibi akaletwa kwa lori. Aliingia ameshikwa kwapa, akakaa kwenye mkeka mbele ya mjukuu wake, asimsalimie mtu. Akampapasa shavu. Akanusa kidole. Kisha, mbele ya ukoo mzima, akakilamba.

"Mbona ntoto wangu ntamu?" akauliza.



Akalamba tena, akatikisa kichwa. "Hii si harufu ya mafuta yangu. Na ngozi hii haijaona maji. Mafuta hayaleti maji, yanayafunga tu yasitoke. Sasa hapa kumefungwa nini?" Akanigeukia, macho makavu kabisa. "Debe langu alilikogea nani?"

Nilihisi jasho linanitoka mahali ambapo sikujua kuna jasho. Ndipo Salima, na midomo yake ile iliyopasuka, akasema, "Nilikoga mimi, bibi. Wifi alinikogesha vizuri. Labda ngozi yangu ndiyo mbovu."

Astaghafirullahi! Msomaji wangu, nipe hukumu yoyote, haitanikata kama neno lile. Binti alikuwa tayari kurudishwa kwao na jina la ugonjwa ili mimi nisiaibike. Na alijua! Baadaye aliniambia aliiona kanga yangu imeanikwa uani inachuruzika, mahali ambapo nguo haichuruziki mpaka mvua inyeshe.

Nikapiga magoti, nikalia kwa sauti, ile ya kutoa kamasi. Nikasema yote. Kikombe, ungo, sabuni, chupa, onyo la mwenye duka. Nilipofika pale pa kuinamisha debe kichwani, shangazi, aliyekuwa amevimba kwa hasira, alitokwa na kicheko mpaka akashika ukuta. Wakaangua kicheko wote. Hamisi hakucheka. Alisimama akaniambia, "Ulisema wao ndio hawakogi." Akatoka nje.

Bibi hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliagiza maji ya kisima, akaloweka kanga, akamkanda mjukuu wake mpaka ile tamu yote ikatoka na magamba yakalainika. Alipokuwa angali anang'aa maji akampaka nyonyo, tone moja kiganjani, polepole. Asubuhi na jioni, kila siku, mwezi ulipoandama Salima alikuwa kama hakuguswa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuteka hayo maji. Niliyateka, na kila nilipoyaleta kibibi kilitazama ndani ya ndoo kuona kama hayajapungua.

Kibibi alifariki mwaka juzi. Sikuwahi kumtekea debe moja kutoka bondeni kwake kulipa lile. Nilikuwa nikisema nitapanda, nitapanda.

Hakuna tena aliyeniita kumsinga binti yake. Mtaani naitwa Bi Debe, na watoto wanaimba. Hamisi alihamia Ufukoni na mkewe, na mwaka mzima hakukanyaga kwangu.

Basi wewe unayesoma, hasa wewe unayejua kupaka watu, nakuonya. Ngozi inataka maji kwanza, ndipo ukaifungie kwa nazi, kwa nyonyo, kwa chochote ulicho nacho. Usipake kavu kitu chenye kiu! Na ukikosa, sema siku ileile, kabla hujamwachia aliyeumia kazi ya kukutetea.

Siku hizi Hamisi amenisamehe kidogo, nakwenda kwao kuwaona watoto. Salima hana kinyongo, ananikumbatia, na shavu lake laini kuliko langu. Lakini kila nikifika, kabla sijaketi, kabla sijapewa hata maji ya kunywa, nalikuta debe uani, limejaa hadi ukingoni, limefunikwa ungo.

"Koga kwanza, wifi," ananiambia. "Haya ni yako."

Nami nakoga, nalia humohumo.