Sampuli ya Pili ya Manyanda

Mume wangu alikuwa nje anapasua kuni, anapiga mluzi, hospitali ya rufaa iliponipigia kuniambia kansa yake inakimbia.

"Wewe ndiye mke wa Manyanda? Majibu ya kinyama cha pafu yametoka. Daraja la tatu. Wiki tano tunampigia, hapokei."

Nikalia. Ila nisiwafiche, sikumlilia yeye. Nilimlilia shemeji yangu, Ndaki, ndugu yake wa damu.

Iko hivi. Mwezi wa tano Ndaki alikohoa damu, bima hana. Mume wangu akampa kadi yake. Sura zao ni kopi, nani angejua? Akapimwa kwa jina la Manyanda: daraja la kwanza. Wakampasua, akarudi Usevya kwa ng'ombe wake. Tukachinja.

Hayo madaraja nilimuuliza mwalimu wangu wa masomo ya jioni. Akasema wanatazama kwenye darubini seli zimeharibika sura kiasi gani. La kwanza linatambaa. La tatu linakimbia, ukichelewa ndo basi.

Nikampigia Ndaki.

"Shemeji, ulirudi kupima ukatuficha?"

"Mimi? Tangu wanipasue sijakanyaga huko! Au mmenichoka, mnataka nirudishwe kwenye kisu?" Akacheka.

Mimi sikucheka.

Nje, mluzi ulikuwa umekatika. Manyanda kasimama mlangoni, shoka mkononi.

"Baba Minza, hiyo sampuli ya nani?"

Akakohoa kwanza.

"Yangu. Ile siku nilikuaga naenda mnadani. Wakatoa kinyama, halafu daktari akafungua faili. 'Kovu la kupasuliwa liko wapi?' Nikaona hapa tunafungwa, mimi na Ndaki. Nikala kona."

"Na simu?"

"Si wananitafutia kadi?"

Wiki tano! Ugonjwa unamkimbilia, yeye anamkimbia wa kumtibu.

Alfajiri nikambeba Minza mgongoni, tukapanda basi na baba yake. Kwa daktari nilisema yote mwenyewe. Alifoka, jamani, mpaka mtoto akalia. Kisha akaligawa lile faili, yakawa mawili.

"Mambo ya kadi yana ofisi yake. Mimi nina mgonjwa. Dawa anaanza leo."

"Atapona, daktari?"

"Wiki tano nyuma ningekujibu haraka."

Ndugu zangu, mgonjwa msaidieni, hata zizi liishe. Jina lako usimwazime. Ukilihitaji mwenyewe, utakuta lina ugonjwa wa mwingine.

Jana Manyanda kamaliza dripu ya pili. Kaomba uji, kaumaliza.

Mimi tumaini nimelishika hapo.