Salamu Hazilipwi

Kabla sijaanza kuuza masikio yangu, niliuza jibini. Pale Mushaki, katika vilima vya Masisi, mahali ambapo magari hupumua baada ya kupanda kutoka Sake, nilikuwa na meza moja na kisu kimoja, na kila jibini nililihesabu mara mbili: asubuhi kwa ajili yangu, jioni kwa ajili ya jamaa zangu. Vita vilipofunga barabara, jibini likabaki mezani likinitazama. Aliyeniambia kwamba watu wanauza kazi kwenye mtandao ni mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo, mwenye butike, duka dogo lililokuwa na sola ambayo mtaa mzima ulichajia simu.

"Mama, barabara ya kule haina barrière, hakuna askari wa kukufungia," alisema.

"Nitauza nini kule, Papa? Fromaje, hii jibini yangu, haiingiake mu simu."

"Uza kile unajua."

Nilijua Kifaransa cha masista, Kiswahili cha sokoni, Kihunde cha mama yangu na Kinyarwanda cha wauza maziwa. Nikajiandikisha kuwa mtafsiri. Kumbe dunia nzima ilikuwa imejiandikisha. Ilikuwa kama kupanga viazi Rubaya siku ya soko, kila mtu na kilima chake cha viazi, na jirani anashusha bei huku anakutabasamia. Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kurasa kumi na mbili za maelezo ya mashine ya kufulia, kwa bei isiyotosha mega za intaneti za kuzituma. Nilihesabu, nikarudia. Haikutosha mara zote mbili.

Basi siku moja, kwenye kikundi cha watu wa Masisi na Walikale walio ng'ambo, nikaona kijana ameweka audio akiuliza kwa Kifaransa: nani anaweza kunielezea bibi yangu anasema nini? Alikuwa Kanada tangu utotoni. Bibi, aliyemlea kabla hajaondoka, alibaki peke yake juu ya kilima, upande wa njia ya Walikale. Katekista wa pale ndiye aliyempandisha mahali penye rezo, mtandao wa simu, na kumshikia simu. Bibi alianza na Kiswahili, akakatiza kwenye Kihunde, akarudi na methali mkononi. Mashine za kutafsiri zilikuwa zimempa kijana sentensi moja kuhusu mbuzi. Mbuzi hakuwemo.

Nikamtafsiria ile ya kwanza bure, kama unavyomkatia mteja kipande cha kuonja. Kisha tukapatana. Mimi nilitaka bei ya dakika. Yeye akalalamika kwamba audio ina dakika saba, na tatu nzima ni salamu.

"Ondoa salamu, Mama," akasema. "Niambie neno lenyewe tu."

Muuzaji mzuri humpa mteja alichokiomba. Nikaondoa salamu.

Neno lenyewe lilikuwa moja. Kijana alikuwa ameweka akiba ya kumtoa bibi pale mapigano yakikaribia, lakini ilitosha safari moja tu, na kama angemhamisha bila sababu, bibi angerudi kwa miguu kwenye maharagwe yake. Kila mara aliuliza, kwa Kiswahili kidogo alichobakiwa nacho: nikutoe? Katika kila audio bibi alijibu: "Tuko, mutoto wangu. Tunaamuka." Nami nikaandika kwa Kifaransa safi: yuko salama, anaamka vizuri. Mara ya kwanza hivyo. Mara ya pili hivyo.

Audio ya tatu ilifika nikiwa nimeketi butikeni nikingoja batri ya simu ijae. Nilikwisha kuituma tafsiri, lakini tabia ni tabia: nikaisikiliza tena, na safari hii nikaziacha salamu zipite masikioni. Zilikuwa fupi. Nikarudi kwenye audio ya kwanza nikahesabu waliomsalimia kijana: jirani wa juu, jirani wa chini, mjomba, wake zake wawili, mchunga ng'ombe, katekista mwenyewe akicheka kwa nyuma, na ng'ombe watatu, maana kwetu ng'ombe naye husalimia. Kumi. Audio ya pili, sita. Ya tatu, wawili, na mmoja wao alikuwa "huyu muntu wa simu," mgeni asiye na jina aliyemshikia simu. Katekista hakuwemo. Wala ng'ombe.

Nikahesabu mara ya pili. Nilitamani nikosee.

Kwetu mzee hamtupii mtoto aliye mbali habari mbaya akiwa na chakula mdomoni. Anamsalimia tu, na anayejua kusikia anasikia nani hakusalimia. Mimi nilijua. Nililelewa hivyo. Na nilikuwa nimeitupa sehemu hiyo kama ganda, kwa sababu mteja alitaka punguzo.

Nikamwandikia kijana: "Kilima kimehama. Bibi yako amebaki na watu wawili tu, mmoja ni muntu wa simu. Tuma ile akiba leo."

"Amesema hivyo?"

"Hakusema. Njo vile anasemaka, kwa kutosema."

Alituma. Mwenye butike alikuwa na dereva wa pikipiki aliyezijua njia za ng'ombe kuliko ng'ombe. Siku mbili nzima nilishusha na kupandisha na wateja bei ya maharagwe niliyoyauza sasa badala ya jibini, bila kusikia nilichokuwa nikisema. Siku ya tatu, jua likiwa katikati, akashuka kwenye pikipiki mbele ya meza yangu mwanamke mdogo kama mfuko wa mkaa, kitambaa kimejaa vumbi, mkononi sufuria moja.

"Njo weye unalipisha mutoto wangu?" akaniuliza, hata maji hajanywa.

"Njo miye, koko," nikamjibu bibi.

"Na salamu?"

"Salamu nilikuwa natupa."

Akanitazama kama mtu anayepima jibini kwa kidole. "Lete simu."

Akaketi kwenye kigoda changu akarekodi. Akamsalimia kijana kwa niaba yangu, ya mwenye butike, ya dereva, ya paka wangu, na ya watu wa barabarani waliokuwa wakipita na hata hawakujua. Kisha akawataja wa kilimani, mmoja mmoja, kila mmoja na upande alioelekea, wa Shasha, wa Sake, na wale ambao hakujua walikoelekea. Dakika tano za salamu. Neno lenyewe likawa nusu dakika: nimekula.

Nikatafsiri yote. Kijana akalipa dakika zote bila kubishana, jambo lililonisikitisha kidogo. Jioni nikabadilisha tangazo langu kikundini: natafsiri audio za wazee wa Masisi na Walikale, pamoja na salamu. Wiki haikuisha, wakaja wateja wanne, kisha tisa. Hakuna jirani aliyeketi kando yangu kunishushia bei.

Bibi huketi nami ninaposikiliza. Anahesabu wanaosalimia kwa vidole, mimi kichwani, kisha tunalinganisha.